Kiti cha Lusungu

Lusungu ni mrefu kiasi kwamba huinama kwenye kila mlango wa Manzese, na kwa sababu hiyo watu wengi humdhani kijana mwenye adabu sana. Mtaani ana kazi tele: kubadilisha balbu ya msikitini, kufunga mapambo ya Krismasi kanisani, kuteremsha kanga zilizopeperukia juu ya bati. Hizo zote ni za bure. Anayolipwa ni moja tu, mpira wa kikapu, nayo ndiyo pekee ambayo mtaa mzima umekataa kuiita kazi.

Ana mkataba na Korongo, timu ya Ubungo, na huu ni msimu wake wa tatu. Muda wote aliowahi kucheza, ukijumlishwa, hauivishi sufuria ya maharage. Mbele yake yupo Erasmus, mwenye mabega kama kabati, ambaye hajawahi kuugua hata mafua. Kwa hiyo Lusungu hukaa. Kiti chake ni cha plastiki, cha mwisho kabisa, karibu na ndoo ya barafu.

Mambo yangeendelea hivyo kama asingempenda Yuliana, mwalimu wa chekechea, binti wa Mzee Gozbert wa Madale. Mzee Gozbert alistaafu serikalini akiwa Kaimu Mkuu wa Masjala, cheo alichokikaimu miaka kumi na tisa bila mwenye nacho kutokea. Posa ilipelekwa na Bwana Hija, meneja wa timu, mtu wa Temeke anayeweza kumuuzia samaki mchuuzi wa Kunduchi.

"Kijana wetu ni mwajiriwa, mzee," Hija alisema.

"Wa wapi?"

"Korongo. Mpira wa kikapu."

"Hilo nimelisikia. Nauliza, akishamaliza kucheza, kazini anakwenda wapi?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Mama Genoveva, mkewe mzee, aliinuka kwenda jikoni kutazama ndizi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Basi Jumamosi nitakwenda kumkagua akiwa kazini," mzee alisema. "Binti simtoi kwa maneno."

Lusungu alimkimbilia kocha Leodegar. "Kocha, Jumamosi mkwe anakuja. Nianzishe."

"Erasmus naye ana wakwe."

"Dakika tano tu, kocha wangu."

"Mie nafukuzia kombe, wewe unafukuzia mke. Kila mtu apambane na hali yake."

Jumamosi Mzee Gozbert alifika kabla hata milango ya uwanja haijafunguliwa, amevaa suti aliyoagwa nayo kazini. Alichagua nafasi iliyo nyuma tu ya kiti cha Lusungu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Endelea na kazi."

Lusungu akaendelea kukaa.

Alikaa robo ya kwanza. Alikaa ya pili. Wakati wa mapumziko alisimama, akajinyoosha, mashabiki wawili wakapiga makofi, akakaa tena. Yuliana, juu jukwaani, alikuwa amejifunika mtandio hadi machoni. Hija, pembeni ya mzee, alianza kutoka jasho.

"Kile kiti ni chake?" mzee aliuliza.

"Chake, mzee."

"Hakuna anayemnyang'anya?"

"Misimu mitatu sasa. Hajatokea."

"Yale maji, na taulo?"

"Anapewa na mwajiri."

"Na yule anayefoka ni nani?"

"Kocha. Ndiye bosi."

"Mbona kijana wetu hafokewi?"

"Huwa anafokea wale wanaokimbia."

Mzee Gozbert alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya kijiji chake. Kipenga cha mwisho kilipolia alimshika Hija mkono.

"Kwa nini hukuniambia mapema? Mie nilidhani mtoto ni wa kukimbiakimbia! Amekaa mpaka saa za kazi zimekwisha na hakusinzia. Vijana wangu wa masjala, chai ya saa nne ikishapita, walikuwa wanalalia majalada. Jumamosi ijayo wadogo zangu wanaingia kutoka Bukoba. Waje waone kwa macho yao, tujibu posa hapohapo."

Hija hakumsahihisha. Mshenga hutumwa kuleta jibu, maelezo hayamo.

Lusungu aliposikia alinuna. "Kwa hiyo mzee anataka mkwe wa kukaa?"

"Wewe unanitaka mie au unataka kusifiwa?" Yuliana alimuuliza.

"Vyote."

"Anza na kimoja."

Alhamisi, Erasmus, ambaye hakuna beki aliyewahi kumwangusha, aliteguka kifundo cha mguu akishuka kwenye bodaboda.

"Jumamosi unaanza," kocha alimwambia Lusungu.

"Kocha... haiwezekani wiki ijayo?"

Leodegar alimtazama kama anayetafuta dalili za malaria. "Misimu mitatu umenililia, leo unaniambia wiki ijayo? Usipocheza Jumamosi, kile kiti nenda nacho nyumbani."

Lusungu akampigia Hija. "Braza, nikicheza nakosa mke. Nisipocheza nakosa kazi."

"Wewe cheza," Hija alisema. "Kiti niachie mie."

Jumamosi wazee watatu wa Kihaya walipangana mstari mmoja, koti kwa koti. Kipenga kikalia, na Lusungu akaingia uwanjani akikimbia kama mtu anayeidai dunia misimu mitatu. Kwenye kiti cha plastiki, karibu na ndoo ya barafu, akakaa Erasmus na bandeji yake.

Mzee Gozbert alisimama. "Yule nani kakalia kiti chake? Wamemfukuza!"

"Nani wa kumfukuza?" Hija alisema, bila hata kugeuza shingo. "Mwenyewe ametoka kidogo kusimamia kazi za nje. Yule ni kaimu wake."

"Kaimu?"

"Anamshikia kiti. Mtu mzima, mwenye uzoefu kumzidi. Hivi umeona wapi kiti cha mkubwa kikaachwa wazi?"

Mzee aliketi taratibu. Uwanja mzima ulilipuka kwa kelele: Lusungu alikuwa ametumbukiza mpira kikapuni kwa mikono miwili, bao la kwanza la namna hiyo maishani mwake, na katika ukoo mzima wa wakwe hakuna aliyeliona. Wote walikuwa wanamtazama Erasmus.

"Waitu, mmesikia?" mzee aliwaambia wadogo zake. "Misimu mitatu tu, tayari ana kaimu. Mie nimekaimu nusu ya maisha yangu, sijawahi kukaimiwa hata siku moja."

Posa ilijibiwa kabla ya robo ya pili.

Harusi ilifanyika baada ya Pasaka. Mzee Gozbert alikagua mpangilio wa viti mwenyewe, na sharti lake lilikuwa moja: Erasmus akae mahali anapoonekana, ila asiwe karibu sana na bwana harusi.