Nilimfungia Sajini wa Nalufenya Nikidhani ni Roboti

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe. Ningekuwa naongopa, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii.

Mimi ni kijana wa Mbale, naishi Nkoma. Nashughulika na data kwenye kampuni ndogo ya app: unaagiza vitu vya nyumbani, boda anakuletea. Mbale tupo, Jinja tupo.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Bosi akaniambia wazi: "Nipangie wateja makundi kufuatana na tabia zao. Ukipanga vizuri unabaki. Ukishindwa, nakutakia kila la heri."

Wiki nzima mimi na laptop. Na nilipanga, bwana!

Kundi la Mama Jumamosi, ananunua mara moja kwa wiki na kujaza kikapu. Kundi la Moto Jikoni, anaagiza chumvi sufuria ikiwa tayari mekoni. Kundi la Mtalii, kila siku anaangalia bei, hanunui kitu. Humo nilimwona shemeji yangu, ila hayo tuyaache.

Kila mtu akapata mahali pake, isipokuwa akaunti moja ya Nalufenya, kule Jinja.

Hiyo ilinitoa jasho. Asubuhi nyama ya nguruwe, dakika tano baadaye nyama halali. Nepi. Wembe wa ndevu. Nywele za kusukia. Dawa ya viatu makopo tisa. Mtu gani huyo?

Nikasema huyu si binadamu, ni roboti, kuna mwizi anatuchezea. Nikabonyeza, nikamfungia. Kwenye slides nikaandika kwa herufi kubwa: TUMEOKOA KAMPUNI. Bosi akanipigia makofi.

Siku tatu tu, oda za Jinja zikakauka.

Bosi akapiga simu. "Panda gari uende Jinja. Usirudi bila huyo roboti."

Boda wetu wa Nalufenya akanishusha kwenye kiduka mkabala na nyumba za askari. Ndani kuna mama mmoja, sajini mstaafu wa polisi. Nje kuna foleni.

Boda hakunionea huruma. "Afande, huyu ndiye alifunga akaunti yako."

Foleni nzima ikageuka. Wakuu, niliogopa.

"Wewe nasema mimi roboti?" mama akauliza, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mimi nazaa watoto sita. Roboti nazaa?"

"Hapana, afande."

"Kaa chini."

Nikakaa. Kumbe mtaa mzima unaagiza kupitia kwake! Askari, wake zao, Waislamu wa maduka ya jirani, wote. Wengine simu zao ni za tochi, wengine smartphone wanazo, ila wanamwamini yeye tu.

Nikaomba msamaha, nikamfungulia akaunti yake palepale. Afande hakuwa amemaliza. Akaanza kunionyesha foleni, mmoja mmoja.

"Huyu naharakisha, lakini nabadilisha mawazo. Oda yake ngoja kidogo. Ule iko na wageni, sukari nanunua mara mbili. Na huyu mama naulizaga bei tu. Bwana yake nakufa mwaka jana. Nataka mtu wa kuongea."

Niliona aibu, jamani. Watu kama yule mjane ndio niliowaita Mtalii, nikapendekeza wafutwe kwenye app.

Nikarudi Mbale, nikamweleza bosi ukweli wote, huku nikiaga kazi moyoni. Bosi akauliza, "Huyo mama anaweza kutufanyia kazi?"

Mkataba nimeongezewa, ila nina mkubwa mpya. Kila Jumatatu nampigia simu kule Nalufenya, namsomea makundi yangu. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu: "Rudia." Nami naitika, ndiyo afande.

Nililojifunza: kabla ya kumpa mteja jina kwenye slides, nenda kwanza ukamsalimie.

Wenzangu wa data, nanyi mliwahi kumfungia nani? Mwageni hapa chini nisicheke peke yangu. Ila andikeni kwa heshima, wakuu. Afande kajiunga humu jana.