Wayunani wa Gulio la Usa

Sina ugomvi na Wayunani wa kale. Ugomvi wangu ni na mzungu aliyewaleta gulioni, na mimi mwenyewe niliyewatia chumvi.

Mzungu huyo alikuwa mwalimu wa misheni huku kwetu Meru, enzi za Mjerumani, nami nilikuwa mkalimani wake, kijana wa kuoa. Alikuwa amesoma Kiyunani na Kilatini mpaka nywele zikamwisha, na kichwani ameshika moja tu: kwamba elimu ile isiwe ya watoto wa darasani peke yao, hata muuza ndizi aipate. Basi kila siku ya gulio, karibu na mto Usa, alipanda juu ya sanduku akaeleza mambo ya Wayunani na Warumi kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, nami nikawageuzia watu kwa Kimeru. Mwanzoni walimcheka. Alipofika kwenye vita wakanyamaza. Nikiona wamenogewa naongeza mikuki miwili mitatu ya kwangu, na matumbo yakimwagika mchangani. Jamani, watu wanapenda damu ikiwa ya wengine.

Siku moja akafundisha desturi ya kuomba. Alisema Myunani aliyeelemewa alichukua tawi, akalifunga sufu ya kondoo, akaenda kumkumbatia magoti mwenye nguvu. Na mwenye nguvu akimdhuru, amejitakia laana. Hapo nikakoleza. Nikasema hata mfalme akikataa, mkono wake hukauka papo hapo. Mwalimu akamalizia kwamba Wajerumani wote wenye elimu wamelelewa na Wayunani hao. Gulio zima likaguna. Kumbe Wayunani nao wana sale! Kwetu ukimkosea mtu ukampelekea jani la sale, hana budi kusamehe, hata kama umemwaga damu ya nduguye. Mama yangu alikuwa pale na mkungu wake wa ndizi. Alirudi nyumbani akisema hao ni watu wetu.

Mwezi haukuisha. Kaka yangu alikuwa Arusha, amekamatwa pamoja na wenzake kubeba mawe ya kujengea boma. Askari mmoja alikuwa akimchapa mzee aliyeangusha mzigo, anamchapa na mzee ameshalala chini, nyama ya mgongo imeachana. Kaka akachukua jiwe alilolibeba, akampiga nalo yule askari usoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Askari akafa palepale. Kaka akahukumiwa kunyongwa.

Mama hakulia. Alikata sale mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, akalizungushia sufu, akaniambia, "Uliyasema gulioni, utayasema na bomani." Ule mkono wa kukauka nilijua niliutunga mwenyewe, lakini nimwambieje mama siku ile? Tukatoka alfajiri, tukafika Arusha jua limesimama kichwani.

Bwana mkubwa wa boma, Mjerumani, alikuwa amekaa barazani, na mwalimu wangu kando yake, maana alikuwa ameitwa kumwombea kaka sala ya mwisho. Nikafurahi kumwona, mpumbavu mimi. Mama akapiga magoti, akaweka sale juu ya viatu vya yule bwana, akamkumbatia magoti kama nilivyomfundisha. Askari akamshindilia kitako cha bunduki kwenye taya. Nilisikia mfupa ukivunjika. Hakuachia. Akapigwa cha pili, meno yakatoka, damu ikalowesha ile sufu, na mikono bado imeshika. Wanasema mdomo huponza kichwa. Siku ile mdomo ulikuwa wangu na kichwa cha mama.

Nikapaza sauti kwamba hii ndiyo desturi ya Wayunani, mwalimu mwenyewe ametufundisha. Bwana mkubwa akamgeukia mwalimu, wakasemezana Kijerumani. Kidogo nilichokijua kilitosha. Aliulizwa kama ni kweli anawafunza watu hawa kwamba wakimwomba Mjerumani kwa jani, Mjerumani hana la kufanya ila kukubali. Mwalimu alilitazama sale, akamtazama mama, halafu akatazama mikono yake mwenyewe.

"Ni hadithi tu," alisema.

Mimi nilipata hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kumpigia mkubwa kelele. Nilikuwa na akili zangu mpaka cha kumi na moja. Kaka alinyongwa jioni ileile mbele ya mama. Mama taya lilikuwa likining'inia, naye hakugeuza uso.

Siku ya gulio iliyofuata mwalimu akapanda tena juu ya sanduku, na mkalimani hakuwa na mwingine. Sikufichi, nilitamani kumvuta miguu aanguke nimponde kwa lile sanduku lake. Watu walijaa kuliko siku zote. Mama alikaa mbele kabisa, uso umefungwa kitambaa. Mwalimu akaanza habari za Warumi na sheria zao, maneno mengi tena mazuri, kisha akanyamaza ili niwageuzie.

Nikasema kwa Kimeru, "Anasema ni hadithi tu."

Mama alikuwa wa kwanza kuinuka. Wote wakamfuata, mikungu kichwani, hakuna aliyemtukana mwalimu wala kumrushia hata ganda la ndizi. Mwalimu akabaki juu ya sanduku, akaniuliza nimewaambia nini hata waondoke.

"Ulichosema bomani," nikamjibu, nikamkimbilia mama nimshike mkono, kwa sababu jicho la upande wa taya lililovunjika lilikuwa limevimba na njia alikuwa haioni.