Kuku, Mumuambie Mwalimu

Ukuta niliojenga ndani ya ghala la marehemu baba yangu umepinda, na mimi ni mwalimu wa jiometri. Afadhali niseme mwenyewe, maana hapa kwetu Annexe habari za ukuta wa mwalimu zilisambaa kabla hata udongo haujakauka.

Ghala hilo baba alilijenga kwa ajili ya mahindi, alipostaafu kazi ya reli na kuamua kwamba sasa ni mkulima. Kilimo kilimshinda, ghala likabaki. Mimi nilitaka nusu yake iwe banda la kuku. Nusu nyingine ilikuwa tayari na mwenyewe, naye ni mama mkwe wangu.

Alikuja kutoka Lukafu baada ya kufiwa na mumewe, miguu imevimba, na magunia matano ya mahindi yake juu ya lori. Hata kabla ya kuketi alimwambia mke wangu, "Minakuya na chakula yangu. Siku mahindi itaisha, minarudia kwangu. Miye siwezi kula kwa mukono ya mukwe." Kule Lukafu nyumba yake ilikuwa imebomoka upande mmoja, na hakuna mtu wa kumchotea maji. Mke wangu alilia siku mbili, kisha akaniambia nitafute njia ya kumfanya mama yake abaki. Nitafute mimi, mtu ambaye haruhusiwi hata kumtazama usoni.

Kwa maana sisi tuna bukwe, heshima ya wakwe, na mama mkwe wangu aliishika kama sala. Mkwe hapewi mkono, haitwi, hasemeshwi. Nikitaka kwenda chooni nakohoa mlangoni, ili ajifunike kitenge na kugeukia migomba. Akitaka kupita barazani anakohoa yeye, nami natazama dari. Mgeni mmoja alituuliza kama nyumba nzima tumepimwa kifua.

Banda lilinichukua likizo yote ya Noeli. Nilitoa baiskeli mbili zisizo na magurudumu, taa moja ya reli, na panya ambao waliondoka bila haraka. Nikaweka wavu dirishani, nikapigilia fito za mkaratusi kuku wapate pa kulalia, nikakata madumu ya mafuta yawe viota. Halafu nikapanga matofali ya kuchoma katikati ya ghala. Kamba ya kunyooshea ukuta nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitumia, kwa sababu nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba macho haya yamefundisha mstari mnyoofu kwa miaka mingi. Ukuta ukaanzia mlangoni na kuelekea Kinsevere, kwenye migodi nje kabisa ya mji. Chini, pale uliposhindwa kukutana na ukuta wa nyuma, pakabaki tundu la kupitisha mkono.

Siku kuku kumi na wawili walipoingia, nilisikia kikohozi upande wa pili, mama mkwe anakochambulia mahindi yake. Kisha ikaja sauti ambayo haikuwahi kuelekezwa upande wangu.

"Kuku," ilisema, "mumuambie ule mwalimu, kibambazi yake iko inalewa."

Ukuta wangu, umelewa! Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Lakini ningejibuje? Bukwe inakataza kusema na mkwe. Nikawaza, nikaona kwamba juu ya kuku haijasema neno lolote.

"Kuku," nikasema, "mumuambie mama, kibambazi iko bien. Ni depo njo ilipinda."

Nililisingizia ghala la baba. Nikasikia kicheko kidogo, kikafunikwa haraka na kitenge.

Tangu siku hiyo tulizungumza kila jioni kwa njia ya kuku. Waliambiwa niweke majivu pembeni wajigaragaze, chawa wafe. Waliambiwa kwamba mwalimu anapiga kelele hata nyumbani kama yuko mbele ya darasa, na kwamba mke wake amechoka. Mimi niliwatuma waulize habari za miguu yake. Sikuwahi kuzungumza hivyo hata na mama yangu mzazi. Nilianza kurudi mapema kutoka shuleni, na mke wangu akadhani napenda mayai.

Shida ilikuwa lile tundu. Kwa kila habari njema mama mkwe alipitisha kiganja cha mahindi. Kuku wakitaga, viganja viwili. Magunia matano yakawa matatu, yakawa moja, na hilo moja likashuka hadi nusu. Alikuwa anawalisha kuku wangu siku zake za kukaa kwetu.

Niliogopa, nakiri. Jumapili ya Pasaka, yeye na mke wangu wakiwa misa, mimi nikisingizia kusahihisha madaftari, niliingia upande wake kama mwizi. Nilipima gunia kwa rula ya ubaoni. Nikamimina mahindi ya kuku, nikayafunika kwa yale yake. Ya kuku ni ya manjano na ya Lukafu ni meupe, lakini mle ghalani mna giza, na hayo ndiyo niliyoweza kununua bila mke wangu kuuliza. Kila Jumapili nikapima, nikajaza hadi pale pale. Ukuta ulinishinda, lakini gunia lilikaa sawasawa.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye tundu nililoliacha mwenyewe.

Mwaka wa shule ulikuwa unakwisha. Jioni moja niliokota mayai, nikamsikia mama mkwe akipuliza makaa kwenye jiko lake la mbabula nje ya mlango, kisha akaingia na kukohoa.

"Kuku, mumuambie ule mwalimu, mahindi ya Lukafu iko mweupe."

Nilihesabu mayai upya. Kuku hawakunisaidia, wasaliti wakubwa.

"Toka Paska bukari yangu iko jaune. Muchana jaune, mangaribi jaune. Minakula chakula yenu, kuku, na minanyamaza."

Kwa mwalimu wa hesabu, nilichelewa kuelewa. Alijua tangu chungu cha kwanza cha ugali wa manjano. Angeweza kufunga mizigo siku ile ile, na badala yake alikaa akala kwa mkono wa mkwe, wiki baada ya wiki.

"Kuku," nilianza. Nikawaacha kuku. "Mama, musiende."

Kwa neno hilo wajomba zangu wangenitoza mbuzi. Mama mkwe hakunijibu, maana yeye ana adabu kuliko mimi. Aliwageukia kuku.

"Kuku," akasema, "mumuambie, minachoka na jaune. Alete ya mweupe."

Kesho yake nilileta gunia la mahindi meupe, mchana kweupe, nikalipitisha barazani mbele yake. Nilisahau kukohoa, na yeye hakugeukia migomba.