Magoti ya Sabdio na Maji ya Pangoni

Sabdio aliuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo tangu akiwa bibi arusi mpaka akawa nyanya. Kila siku ni kuinama na kuinuka kwenye mitungi, hadi magoti yakakataa. Dawa za hospitali zilimsumbua tumbo tu. Ndipo wifi yake Kabale, aliyekuja kumtembelea kutoka Biliqo, akamsimulia juu ya pango la mawe meusi ambamo maji yanatoka ardhini yakiwa moto, na juu ya mama mmoja aliyeingia humo akichechemea akatoka akitembea sawasawa.

Wakafunga safari. Gari liliwaacha barabarani, wakavuka uwanja wa mawe ya volkano yenye ncha, jua likiwachoma, Kabale akimshika mkono. Walipofika mdomoni mwa pango, mvuke ukawapiga usoni. Sabdio akachungulia ndani. Hapakuwa na njia, ni mawe yaliyorundikana tu, mengine makubwa kama ng'ombe aliyelala, yakishuka gizani.

"Hii hukuniambia," alisema.

Kabale akajitetea kwamba hata yeye hajawahi kufika. Alisikia tu kwa watu.

Sabdio akakasirika. Maji ya kutibu magoti, na kuyafikia kunataka magoti mazima! Kabale akashuka peke yake na mtungi mdogo waliokuja nao, akarudi akihema. Nusu ilikuwa imemwagika njiani, na yaliyobaki yalikuwa vuguvugu. Akamshauri ajimwagie hayo, amshukuru Mungu.

"Maji ya vuguvugu hata jiko langu linatoa."

Sabdio akakusanya dera lake, akakaa chini, akaanza kushuka kwa makalio, jiwe kwa jiwe, Kabale akitangulia na kumwekea miguu mahali salama. Viganja vilichubuka. Alipoingiza miguu majini, joto likapenya hadi kwenye mifupa, na maumivu yakanyamaza kabisa. Angekaa humo mpaka jioni, lakini mvuke ulimkata pumzi, ikabidi watoke.

Kupanda kulikuwa balaa. Alitambaa, akavutwa, akasukumwa kama gunia. Walipofika juu magoti yalikuwa yamevimba kuliko yalivyokuwa alipokuja.

Kabale akauliza kwa sauti ndogo kama hakupata nafuu hata kidogo.

"Nilipata," Sabdio akajibu. "Halafu nikapanda."

Kabale akamshika mkono tena, wakarudi barabarani. Wiki nzima Sabdio alilala nyumbani, magoti yamefungwa kitambaa, na hakutaka kusikia pango likitajwa.