Tuta Lililo Jirani na Mume Wangu

Maeng Deok-chil ana miaka sabini na minane na haogopi kufa. Anachoogopa ni kuzikwa mbali na mamake. Mama alifariki yeye akiwa baharia nchi za mbali, hakuwahi kumzika. Aliporudi, baba yake mdogo, hoi kitandani, alimwambia neno moja tu: "Yuko mlimani, chini ya msonobari."

Basi miaka arobaini, kila ikikaribia sikukuu ya mavuno, Deok-chil alipanda na mundu, akafyeka nyasi za tuta la kaburi lililo chini ya msonobari, akamwaga pombe ya mchele, akasujudu mara mbili. Marehemu husujudiwa mara mbili, aliye hai mara moja.

Mlima wetu una makaburi ya kale kuliko kijiji chenyewe. Juu wamelala mabwana wa enzi za wafalme, na sanamu zao za mawe zisizo na pua. Wafu wetu sisi wengine wako chini, matuta ya nyasi yasiyo na jina. Mume wangu yuko hapo tangu mwaka ule ule Deok-chil aliorudi. Jirani yake ni tuta lisilo na mwenyewe, na mimi sipendi uchafu karibu na mume wangu, kwa hiyo hufyeka yote mawili.

"Watoto wa huyu hawana haya jamani!" nilikuwa nikisema kila mwaka, nimekaa kwenye kisiki kilicho kichwani mwa tuta hilo, natafuna keki ya mchele.

"Ningewapata ningewachapa bakora, shemeji!" Deok-chil hunijibu kutoka kwenye tuta lake.

Mwaka huu wakaja watu wa ukoo wa Tak na kitabu chao cha ukoo. Wakachimba kidogo mbele ya tuta la Deok-chil, wakatoa kigae kilichoandikwa jina la marehemu. Babu yao! Wakamshukuru wee, wakamwachia kikapu cha peasi. Deok-chil hakugusa hata moja. Alikaa chini akalia.

"Nitazikwa na nani sasa, shemeji? Msonobari si huu?"

"Huu? Nimeolewa huku huu ukinifika gotini! Ule mkubwa ulipigwa radi kabla hujarudi, marehemu mume wangu akaukata."

"Kisiki chake kiko wapi?"

Nilikuwa nimekikalia. Looo! Niliinuka, mdomo umejaa keki, nikakionyesha kwa kidole.

Deok-chil akalitazama lile tuta jirani. Nilikuwa nimelifyeka asubuhi hiyo hiyo, halina hata jani la gugu. Akasujudu mara mbili, paji la uso chini, akamwita mama yake kwa sauti. Kisha akanigeukia mimi, akasujudu. Akainuka, akasujudu tena.

"Mara mbili? We mzee, mimi sijafa!"

Alicheka machozi yakimtoka, nami nikalia kidogo, nisifiche. Kisha nikavunja tawi, nikamwuliza ile bakora tuanze lini.