Mlilaki Mweupe wa Arlene Tatro

Arlene Tatro alikuwa na ulimi, jamani. Mimi ni jirani yake tangu niolewe hapa Vermont, Marekani, na mpaka leo nikimsikia akikohoa upande wa pili wa uzio najikuta nimenyoosha mgongo.

Kila mwaka mwezi wa Mei, theluji ikishakwisha na tope kukauka, klabu yetu ya bustani huuza miche ya mililaki, miti midogo ya maua ya kunukia, mbele ya ukumbi wa mji. Watu walikuja kwa ajili ya meza ya Arlene. Kando ya baraza lake upo mlilaki mweupe uliopandwa na mama yake, ukichanua unanukia mpaka jikoni kwangu. Arlene alikuwa akichimba machipukizi yanayoota shinani, anayatia makoponi, anayauza kwa jina la mama yake. Na mlilaki ni mti wa kungoja. Unaweza kukaa miaka sita, saba, hujaona ua hata moja, kwa hiyo unachonunua hasa ni neno la muuzaji. Neno la Arlene lilitosha.

Noreen Pelkey alinunua mmoja mumewe alipofariki. Kabla ya kufa Everett alimwomba jambo hilo tu, mlilaki mweupe kaburini. Akaupanda kando ya jiwe lenye majina yao wote wawili, la Everett limekamilika, la Noreen bado linangoja tarehe ya kufa. Akaumwagilia kwa ndoo miaka yote hiyo. Ukachanua zambarau.

Akaja mezani siku ya mauzo, akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Arlene, shoga yangu, ule wa Everett umetoka zambarau."

Arlene hakuinua hata macho. "Basi hukuutoa kwangu."

"Jamani, si ulinifungia mwenyewe hapa hapa?"

"Noreen, sikiliza. Wangu umekufia mikononi, ukakimbilia dukani kununua mwingine, sasa unakuja kunichafulia jina la mama yangu mbele za watu. Mwongo mkubwa wewe! Maskini Everett, hata kaburini humtendei haki."

Foleni ikacheka. Wengine walitazama viatu vyao. Noreen aliondoka na hakukanyaga tena klabuni.

Mwaka huu baridi ilikawia kuondoka, Arlene akachoma kuni mpaka rundo la kando ya baraza likaisha. Nyuma ya rundo kumbe kulikuwa na chipukizi lililomponyoka kwa miaka, limerefuka likitafuta jua. Wiki ile ile ya mauzo likachanua. Zambarau!

Nilimkuta amepiga magoti, udongo mpaka viwikoni, anaufuata mzizi. Ulikwenda moja kwa moja kwenye shina la mti wa mama yake, na pale karibu na ardhi palikuwa na kovu. Mti ulikuwa wa kubebeshwa: juu mweupe, umeunganishwa kwenye shina la zambarau. Machipukizi yote yalitoka chini ya kovu. Hakuwahi kujua, maana hakuwahi kuliacha hata moja likae mpaka lichanue. Aliyauza yote.

"Usiniangalie, Bernice," akaniambia. "Nilimwita mwongo."

Nikageuka nikatazama barabarani. Nilimwonea aibu mpaka nikahisi ni yangu.

Jumamosi, siku ya mauzo, alisimama nyuma ya meza tupu. "Hakuna mililaki ya mama. Yote niliyowauzia ni ya zambarau. Noreen alisema kweli."

Kisha mzee Merle Gokey, aliyekuwa mbele kwenye foleni, akavua kofia. "Wangu ulishachanua zambarau zamani, Arlene."

"Na wangu," akasema mwingine kule nyuma. Halafu mwingine.

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie wewe?" Merle akasema. "Tulimwona Noreen ulivyomfanya."

Arlene alishika ukingo wa meza. Uso ulimwiva.

Mchana nilimpeleka Arlene kwa Noreen kwa gari. Amepakata kopo lenye tawi la mti wa mama yake, lililotoka juu ya kovu, likainama hadi ardhini likaota mizizi lenyewe. Noreen akafungua mlango akiwa ameegemea fimbo. Kazeeka, maskini.

"Huu ni mweupe kweli," Arlene akasema. "Nilikudhalilisha, Noreen. Sina hata uso wa kukutazama. Nisamehe."

Noreen aliliangalia kopo. "Ule niliukata kwa msumeno, unajua? Ulikuwa unanukia vizuri tu. Nikamwomba Everett radhi, nikidhani kuna kitu nilikosea mimi."

Arlene akaanza kulia, pale pale mlangoni.

"Huu utachanua lini?" Noreen akauliza.

"Miaka sita. Labda saba."

"Basi utauona wewe. Mimi nitakuwa chini yake." Akavuta viatu vyake kwa ncha ya fimbo. "Ngoja nivae, twende kwa Everett. Koleo liko nyuma ya mlango, na atakayechimba ni wewe."