Beseni Lililogeuza Njia

Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ametembeza mboga tangu mimi nina meno yangu yote. Asubuhi alipanda kwanza mlimani, kwenye nyumba za mageti. Wenyewe wakachagua mchicha wenye umande na mapapai yasiyo na doa. Huku bondeni alitufikia jua likiwa la utosi, yamebaki masalo: nyanya zilizopondeka, majani yamelala kama yana homa. Bei ilishuka, ndiyo, ila nusu ya mboga tulitupa jaani. Na yeye nyumbani kwake alipika masalo hayohayo.

Kisha mkwewe akashika mimba, akawa anaona kizunguzungu. Nesi akasema damu imepungua, ale majani mabichi na matunda. Jioni wifi akampa fungu lililobaki. Binti akaligeuzageuza.

"Mama, huyu mchicha ni mgonjwa kuliko mimi."

Mimi nilicheka. Wifi hakucheka.

Kesho yake alfajiri nikasikia hodi.

"Wifi, lete ungo."

"Umepotea njia leo?"

"Sijapotea. Nimeanzia kwenu."

Akayafungua mafungu makubwa ya mlimani, akafunga madogo ya kutoshea mifuko yetu. Papai akalikata vipande. Nikamwonya, maana hesabu naijua vizuri:

"Mama wa geti jeusi hununua nusu ya beseni. Akikukosa asubuhi, utakula nini?"

"Nitakula mchicha."

Alipanda mlimani mchana. Mama yule akafunua kitambaa cha beseni.

"Masalo haya unamletea nani?"

"Ni yale ninayowauzia wa bondeni miaka yote, mama. Na bei nimeshusha."

Geti likafungwa, na halikufunguliwa tena. Siku za mwanzo wifi alirudi na mzigo, midomo imemkauka, nami nikadhani atalegea. Wapi. Alfajiri yuko mlangoni. Wanawake wa mitaa ya jirani wakasikia habari za mafungu madogo, wakaanza kumfuata. Siku moja, jua bado changa, beseni likawa tupu. Akaligeuza, akalikalia katikati ya njia kama kiti cha chifu.

Mkwewe akaja na tumbo lake mbele.

"Mama, umemaliza yote? Na sisi?"

Wifi akafungua mtandio wake. Fungu lilikuwa bichi, bado lina maji.

"Lako nalitoa kabla sijajitwika. Kapike."